Mkwe Juu ya Bati

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Mvua ilipiga alfajiri, ikaacha saa moja, kisha jua likatoka kali hadi matope ya uani yakawa yanatoa mvuke.

Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari siku hiyo, na chini yake nikaongeza mstari mmoja tu: "Leo nimesikia kicheko ndani ya simu ya fundi." Sikuandika ni kicheko cha nani. Nikiusoma mstari huo sasa naona nilikuwa nalificha hata daftari, ambalo halina mdomo wa kwenda kusema popote.

Nianze na jikoni yenyewe. Nyumba yetu iko Rangwe, mwendo mfupi kutoka barabara ya Homa Bay, na jikoni imeungana na nyumba kubwa. Ukuta wa kati haukufika kwenye bati. Juu yake palikuwa na nafasi ya mkono mzima, na miaka yote moshi wa mafiga yangu ulipita hapo ukaja kulala nasi chumbani. Hatukuona kama ni shida. Mzee wangu alikohoa, nikasema ni vumbi. Akakohoa miaka miwili, nami bado nasema ni vumbi. Mwezi wa pili akashindwa kutembea kutoka chooni hadi mlangoni bila kupumzika njiani, tukampeleka hospitali Homa Bay, akalazwa.

Siku moja daktari akaniita pembeni, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Akaniuliza, "Mama, unapikia nini?"

"Kuni."

"Wapi?"

Nikamweleza. Akaandika kitu, halafu akasema polepole: "Mzee anaweza kurudi nyumbani Ijumaa ya wiki ijayo. Lakini akirudi kwa moshi, mtamrudisha hapa, na hiyo mara ya pili mimi sitakuahidi kitu."

Tuna mtungi mdogo wa gesi, ni wa chai. Nyoyo yetu ya mahindi na maharagwe inachemka kwa muda wa saa tatu, mtungi huo hauwezi. Kupikia nje ningeweza kama si mvua ya Machi. Watoto wetu wakapigiana simu huko waliko, wakasema, "Mama, vunja hiyo jikoni yote." Ikakubaliwa kwamba ukuta upandishwe hadi juu, iwekwe meza ya simiti na sinki, na mahali pa mafiga lijengwe jiko la tofali lenye chimni ya kutoa moshi juu ya bati.

Fundi wa jiko nililetewa na mama mmoja wa kanisani. Alisema yuko mtu Migori ambaye ukipikia jiko lake unaweza kuvaa nguo nyeupe. Akaja Jumatatu, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye mikono mikubwa kama sahani. Pamoja naye nilimchukua seremala wa hapa sokoni, wa mlango, rafu na kazi ya bati. Seremala ni Mkuria na Kijaluo chake ni cha kuombea maji tu, kwa hiyo sote watatu tulikuwa tunaongea Kiswahili. Ninalisema hili kwa sababu naamini lilichangia. Tungeongea Kijaluo, fundi angenisikia lafudhi yangu ya kwetu Uriri siku ya kwanza, tungeulizana ya ukoo, na mambo yangekatikia hapo. Lakini pia sina hakika. Huenda natafuta tu pa kutupia lawama.

Jumatatu hiyo nilimkosea adabu, na nilikuwa sijui lolote bado. Alikuwa amemwaga meza ya simiti, nikaiona imeinama. Nikamwambia, "Fundi, hii hata mtoto wa nasari angepima vizuri kuliko hivi." Hakujibu. Akachukua pima maji, akailaza juu ya simiti, akanionyesha lile povu limesimama katikati. Sakafu yangu ndiyo iliyoinama. Seremala akacheka, "Mama, pole, ni wewe umezoea kusimama upande!" Niliomba msamaha, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Sasa Jumanne. Saa nne walipumzika kwa chai na mkate. Simu ya fundi ikalia, na kwa vile mikono ilikuwa na simiti akaibonyeza kwa kifundo, ikafunguka kwa sauti ya juu. Ni mke wake. Alikuwa anasema kwamba mama yake mzazi amefika kutoka Ogwedhi kuwaona, amewaletea maziwa ya mgando. Nyuma ya sauti ya mke nikasikia mwanamke mwingine anacheka. Kicheko kirefu kinachopanda kama kuku aliyetaga, halafu kinakatika ghafla.

Nilikuwa nimeshika birika. Nikaliweka chini.

Kicheko hicho nimekua nacho. Ni cha dada yangu, mtoto wa baba mdogo. Baba yake na baba yangu ni wa tumbo moja, na kwetu huyo si binamu, ni dada, na watoto wake ni watoto wangu. Aliolewa Ogwedhi, anauza chai soko la ng'ombe, na tangu mazishi ya baba yangu hatujaonana. Nilisikia juu juu kwamba binti yake mkubwa alienda tu kwa mwanamume huko Migori, bila wazazi kuitwa wala sisi wa mbali kuambiwa. Kama huyu fundi ndiye mwanamume huyo, basi ni mkwe wangu, nami ni maro wake, mama mkwe, sawasawa na yule aliyemzaa mke wake.

Na mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Hamshiki mkono. Hali chakula mbele yake, wala yeye hali mbele ya mkwe. Mama mkwe hamtolei maneno ya mtoto wa nasari. Ama kupanda juu ya nyumba yake na kukanyaga bati analolala chini yake, hilo nyumbani sikuwahi hata kusikia likikatazwa, maana nani angefikiria kulifanya? Wazee wanasema likitokea linaleta chira, kule kukonda kusiko na dawa, na mara nyingi chira huwapita wakubwa kikashika watoto. Kanisani tumefundishwa kwamba hayo yaliisha. Mimi ni Msabato wa miaka mingi, na nikiwa kanisani ninayaamini mafundisho hayo kabisa.

Ningeweza kuuliza hapo hapo. Neno moja tu: "Mkeo ni wa wapi?" Badala yake nikasema, "Fundi, ongeza chai."

Nilijiambia kicheko si kitambulisho. Uriri ni kubwa, Ogwedhi wako wanawake wengi, na kuku wanaotaga wanacheka wote namna moja. Hayo yote ni kweli. Ila nilikuwa nimeangalia pia ukuta uliopanda nusu na jiko ambalo bado ni tofali tano, na nikahesabu siku za kufika Ijumaa. Nikachagua kutojua.

Jumatano alipanda. Nilikuwa nimesimama uani, ninamwona anaweka mguu kwenye ngazi, na mdomo wangu ukabaki umefungwa. Tundu la chimni hamwachii seremala, alilikata mwenyewe kwa mkasi wa bati, na mkasi ukateleza, kiganja kikachanika. Damu ikatiririka juu ya bati langu hadi kwenye mfereji. Akateremka akicheka, akisema si kitu, nami nikararua kitambaa changu cha kichwa nikamfunga mkono. Nilishika mkono wa mkwe wangu, huku nikijua nusu. Saa kumi mvua ikaja, seremala akaziba lile tundu kwa turubai na mawe.

Mkono hukatwa na bati kila siku, katika kila kijiji. Sisemi lilikuwa jambo lingine. Ila sikuweza tena kumtazama yule mtu.

Alhamisi asubuhi hospitali ikapiga: mzee ataruhusiwa kesho mchana. Niliposhukuru na kukata, nikampigia kaka yangu Uriri nikamuuliza mkwe wa dada yetu wa Ogwedhi ni nani. Akasema, "Si yule fundi wa majiko pale Migori? Mtu mzuri sana. Kwani vipi?" Nikamwambia hakuna, salamu tu.

Nilipotoka, fundi alikuwa ameshika bomba la chimni begani na mguu mmoja uko juu ya ngazi. Seremala anashikilia chini.

"Fundi, usipande."

"Iko imara mama, huyu jamaa ameishika."

"Si ngazi. Mama ya bibi yako kwao ni Uriri?"

"Eeh. Lakini ako Ogwedhi."

"Anauza chai soko ya ng'ombe."

Akageuka. "Kumbe mama unamjua?"

"Baba yake na baba yangu walinyonya titi moja."

 Seremala alimwangalia fundi, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ndogo, "Uwi."

Fundi akalishusha bomba, akalilaza chini kama mtu analaza mtoto aliyelala. Akavua kofia. Mwiko wake ulikuwa kiunoni, akautoa akauweka juu ya meza ya simiti kupitia dirishani, bila kuchungulia ndani. Halafu akaondoka upande upande, uso wake kwenye ukuta ili asinigeuzie mgongo wala asinitazame, akapita uani, akatoka nje ya ua wa minyaa. Akasimama huko. Kutoka jikoni niliona kichwa chake tu.

Seremala akawa mjumbe. Akaenda, akarudi.

"Mama, anasema hawezi kuingia tena."

"Mwambie mzee anakuja kesho."

"Anajua. Anasema si kwamba anaogopa chira, yeye ni Mkatoliki. Anasema ni heshima. Ati atamwangaliaje mama ya bibi yake na amekanyaga juu ya kichwa ya dada yake?"

Nikawaza: labda amechoka na kazi, amepata njia ya kutoka. Naandika wazo hilo kwa sababu lilikuja, si kwa sababu lilikuwa sawa. Mtu anayetaka kukimbia kazi hasimami nyuma ya minyaa kwenye jua saa nzima.

"Hakuna fundi mwingine?" nikauliza.

"Wa kujenga hii jiko? Ako mmoja Rongo, na hawezi fika kabla Jumatatu." Seremala akakuna kichwa. "Nyinyi Wajaluo mna mambo! Lakini wacha nisicheke. Kwetu, mke wa mtoto wangu akiniona njiani anaingia kwa mahindi mpaka nipite. Siku moja nilipita pole pole makusudi, siafu wakamtafuna. Mpaka leo chumvi ya kwangu anaweka mara mbili."

Sikuweza kucheka. Juu yetu tundu lilikuwa wazi, turubai limeshaondolewa, na upande wa ziwa wingu linajikusanya. Ndani, jiko lilikuwa tofali tupu lisilo na tumbo wala koo, na koo ndilo lenyewe: ile njia ndogo ndani ya udongo inayopeleka moshi kwenye chimni. Ikikosewa, moshi unarudi chumbani wote.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ua, si kwangu, kwa seremala. "Omera, ndugu yangu, muulize mama, kwao nyumba ilikuwa inapakwa na nani?"

"Mama, anauliza kwenu nani alikuwa anapaka nyumba."

"Nimesikia. Ni mimi. Mimi na huyo dada yangu."

"Anasema ni yeye."

"Basi udongo anajua," fundi akasema. "Bati ni yako. Udongo ni yake. Mimi nitaongea tu."

Hivyo ndivyo tulivyojenga. Nilikunja mikono ya nguo, nikachota udongo wa kichuguu aliokuwa amekwisha kuponda, nikachanganya na majivu na nyasi zilizokatwa fupi, nikakanyaga kwa miguu kama nilivyofanya nikiwa msichana. Fundi alikuwa hatua kumi kutoka dirishani na nilisikia kila neno, lakini kila neno lilipitia kwa seremala.

"Mwambie udongo ukishikana kwa mkono bila kulia maji, uko tayari."

"Mama, ukishikana bila kulia maji."

"Haulii."

"Anasema haulii."

"Mwambie apige ukuta wa ndani kwa kiganja, asipake kama anapaka mafuta. Upepo usibaki ndani."

"Piga, usipake. Mimi nimekuwa redio ya Wajaluo bila leseni!"

Niliingiza mkono ndani ya tofali hadi begani, shavu langu limegusa simiti. Mara nyingi katika kazi hiyo niliwaza kwamba ninaharibu. Mikono yangu ilikumbuka kuta tu, ambazo zikipasuka unapaka tena. Hili likipasuka ni kifua cha mtu. Seremala akapanda juu, akapitisha bomba kwenye tundu, akapiga lami pembeni na bati la kukinga mvua, huku fundi akimwelekeza kutoka chini: "Kushoto. Kidogo. Umepita, rudi." Mvua ikapiga saa kumi na moja na jikoni halikuingia tone. Mchana wa siku hiyo nilimtumia fundi sahani kupitia kwa seremala, ikarudi tupu, lakini matone ya mchuzi yalikuwa kwenye ndevu za seremala.

"Alikataa," akasema. "Na chakula si ya kutupa."

Mwisho wa siku ikabaki koo. Fundi akasema, "Mwambie aache njia ya vidole vinne."

Nikaweka vidole vyangu vinne kwenye udongo, nikakata pande zote kwa kisu, nikalainisha kwa maji. Ukakaa moto mdogo wa mabua wa kukausha, usiku ukapita.

Ijumaa saa tano mzee alikuwa bado hospitali, na kijana wetu yuko huko naye wakingojea karatasi. Nami nilikuwa na jua la kuhesabu, kwa sababu kwetu Ijumaa chakula chote cha Sabato lazima kiive kabla jua halijazama. Fundi alikuwa amerudi mahali pake nyuma ya ua. Angeweza kubaki Migori. Hilo nataka liandikwe.

Nikawasha kuni tatu, kavu.

Moto ukashika vizuri, ukatambaa, na moshi ukasogea kwenye koo kama unaotaka kuingia. Halafu ukageuka. Ulitoka mlangoni mwa jiko mzito, wa njano, ukanipiga usoni, ukapanda hadi kwenye bati na kwa kuwa sasa ukuta ulikuwa umezibwa hadi juu hakukuwa na pa kupita, ukashuka juu ya vichwa vyetu. Jikoni ikawa mbaya kuliko ilivyokuwa maisha yake yote. Nilitoka nje nikikohoa hadi nikashika magoti. Nikawaza, hivi ndivyo mzee alivyokuwa anakohoa, nami nikisema vumbi.

Simu ikatetema mfukoni. Ni kijana wetu: "Mama, karatasi zimetoka. Tukipata dawa na gari tunakuja."

"Muulize kama aliacha vidole vinne," fundi akasema.

"Niliacha!" Nilijibu mwenyewe, kwa sauti. Sikungoja mjumbe.

 Kichwa chake kiliinama nyuma ya minyaa. Nilidhani anafikiria jiko. Kisha akasema, bado akimwangalia seremala:

"Omera. Muulize mama alijua lini."

Seremala aligeuka kunirudishia swali, nikamwinulia mkono.

Nilikuwa na majibu mengi. Kwamba uhakika niliupata Alhamisi, na hiyo ni kweli, kaka yangu ni shahidi. Kwamba kicheko si kitambulisho. Nilikuwa nimeyapanga kwa siku tatu, na kila moja lilikuwa zuri. Pia nilijua nikisema lile lingine anaweza kuchukua kofia yake akaenda zake kushika barabara, na mzee anakuja, na ndani kuna moshi.

"Jumanne," nikasema. "Nilisikia dada yangu anacheka kwenye simu yako."

"Kabla nipande."

"Kabla upande."

Seremala aliangalia viatu vyake.  Mbuzi wa jirani alilia, akanyamaza. Nilingoja, na ningesema nilikuwa naomba, lakini sikuwa naomba, nilikuwa nasikiliza tu miguu yake kama itaondoka.

"Mwambie mama anyooshe mkono dirishani," fundi akasema.

Sikuelewa. Niliingia ndani ya ule moshi, nikatoa mkono wangu nje ya dirisha, umejaa udongo, vidole vinne pamoja. Mkono wa mwanamke aliyepunguka mwili. Kule nyuma ya ua, fundi akainua wake juu ya minyaa, ule wenye kitambaa changu cha kichwa. Nikaviona vidole vyake. Viwili vyake vilikuwa vitatu vyangu.

"Ayi!" seremala akapiga kelele. "Vidole vinne vya nani? Mura, kijana wewe, una mikono ya kiboko, halafu unampimia huyu mama!"

"Ni kosa yangu," fundi akasema. "Miaka yote napima na mkono yangu. Sijawahi kupima na ya mtu mwingine."

Akavunja kijiti, akakipima kwa vidole vyake, akakikata kwa meno pande mbili. Seremala akakileta mbio. Nikazima moto kwa mchanga, nikavuta makaa nje, na udongo ukiwa bado wa moto nikaingiza mkono na kisu, nikakata koo hadi kijiti kikalala ndani bila kujikunja. Malengelenge mawili nilipata kwenye kifundo. Sikuyahesabu kama adhabu, lakini yaliniuma vizuri.

Tukawasha tena. Moshi ukatoka mlangoni kidogo, kama unaaga, halafu ukavutwa. Nilisikia unavutwa. Jiko lilitoa sauti ya mtu anayevuta pumzi ndefu, na ulimi wa moto ukalala upande, ukaelekea ndani, wote.

"Mwambie nauona," fundi akasema kutoka nje, akiangalia juu. "Mwambie mwanzo ulikuwa mweusi, sasa ni mwembamba. Aongeze kuni moja tu. Asilishe kama ng'ombe."

"Asilishe kama..."

"Nimesikia."

Walifungasha saa tisa. Mwiko wake seremala ndiye aliyemchukulia juu ya meza. Nilitaka kusema neno la kuomba msamaha, lakini mama mkwe analipigaje neno hilo juu ya ua? Nikasema kwa seremala, kwa sauti ya kufika: "Mwambie asalimie mtoto wangu." Nikiwa na maana ya mke wake. Fundi akainamisha kichwa, akavaa kofia, akashika njia ya kwenda barabarani.

Seremala alibaki nyuma kuchukua randa yake. Nikamuuliza polepole, "Amesema nini?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu Jumanne."

"Hajasema kitu, mama." Akafikiri. "Hata mimi nilimuuliza. Hakusema kitu."

Naliacha hapo kwa sababu ndipo lilipo. Mengine ni ya wazee wa Uriri na Ogwedhi, nami nitasema mbele yao siku nitakayoulizwa, kuanzia Jumanne.

Gari lilifika saa kumi na moja kasoro. Kijana wetu alimshika baba yake mkono mmoja, mimi mwingine, tukampandisha ngazi mbili za barazani, akapumzika, tukamwingiza chumbani. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati inazunguka peke yake. Nikamlaza kwa mito mitatu, nikarudi jikoni mbio kwa sababu jua lilikuwa linashuka. Sufuria mbili zilikuwa zinachemka kwa pamoja. Kila baada ya dakika nilisimama nikatega sikio ukutani. Alikohoa mara moja, kikohozi kikavu cha safari. Nikatega tena. Nikasikia kitanda kinalia, anageuka. Nikatega tena, hakuna.

Halafu akaita, kwa ile sauti yake ya zamani ya kulalamika, ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwezi wa kwanza:

"Nyinyi watu! Jua linazama na hata moto hamjawasha. Leo tunalala njaa?"

Kijana wetu akanitazama. Nilikuwa nimeshika kifuniko cha sufuria, nikainama nikatazama moshi wote unavyovutwa kooni.

Jioni hiyo tulikula ugali na samaki ngege wa kuchemsha na nyanya, bila pilipili kwa ajili ya kifua, na mboga ya osuga iliyotiwa maziwa. Mzee alikula kipande cha mkia na mchuzi wote. Nyoyo ya Sabato tuliifunika ikabaki juu ya jiko, na asubuhi ilikuwa bado na joto.